Msikatae Kipimo cha Maji ya Mgongo

Mtu akishikwa na homa, kichwa kikamuuma sana, kisha akaanza kusema ovyo, kupata degedege au kupoteza fahamu, wengi husema amelogwa au malaria imempanda kichwani. Malaria huweza kufanya hivyo, lakini si peke yake. Huenda virusi vimeshambulia ubongo.

Ni virusi gani?
Vipo vya aina nyingi. Vya hepesi, viletavyo malengelenge midomoni, watu wengi wanavyo bila madhara makubwa, ila mara chache huingia ubongoni. Vya surua pia huweza kufika huko, ndiyo maana tunahimiza chanjo.

Daktari hutambuaje?
Dalili za malaria, bakteria na virusi hufanana. Kwa hiyo hupima damu, kisha huomba maji ya uti wa mgongo. Hapo ndipo baadhi ya familia hukataa, zikiogopa kwamba sindano ile hupoozesha au huua. Sivyo. Huchomwa chini kiunoni, na mshipa mkuu wa fahamu utokao ubongoni huwa umeishia juu ya hapo. Mgonjwa huweza kuumwa kichwa au mgongo kwa siku chache. Daktari akiona hatari, yeye mwenyewe huahirisha kipimo. Kinachoua ni ugonjwa uliocheleweshwa.

Je, kuna tiba?
Kwa hepesi ipo: asikloviri, hupitishwa kwenye mshipa wa damu kila saa 8 kwa wiki 2 hadi 3. Daktari akishuku hepesi huianza bila kungoja majibu. Bila dawa hiyo, wagonjwa wapatao 7 kati ya 10 hufa. Wanaoiwahi wengi huokoka, ingawa baadhi hubaki na usahaulifu au kifafa. Basi msimtoroshe mgonjwa akipata nafuu kabla dozi haijaisha. Virusi vingine vingi havina dawa yake. Mgonjwa hutulizwa degedege, hupewa maji, chakula na oksijeni mpaka mwili ushinde.

Nyumbani tufanye nini?
Mwenye degedege alazwe kiubavu, asitiwe kijiko wala dawa mdomoni. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mwelezeni daktari homa ilianza lini, dawa alizokunywa, na kama aliwahi kuumwa na mbwa.

Ndugu mzazi, ukiombwa idhini ya kipimo hiki, uliza yote yanayokutia hofu, kisha usikawie kukubali. Saa unazopoteza ni za mwanao.