Nyonga Ikitoka, Mguu Usivutwe: Saa Sita za Kuwahi Hospitali

Malalamiko yanayotufikia kutoka Tunduma, Mlowo na Vwawa yanafanana. Ndugu yetu alipata ajali, akakandwa nyumbani wiki nzima, alipofikishwa hospitali akaambiwa nyonga imeharibika. Lawama anabebeshwa daktari. Ndugu mwananchi, kilichouharibu mguu ni wiki ile.

Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, nacho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Kiungo hiki ni imara. Kwa mtu mzima mwenye afya hakitoki kwa kujikwaa tu. Hutolewa na kishindo kikubwa, na sisi tunaishi kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, yenye malori na bodaboda usiku na mchana. Abiria wa kiti cha mbele hugonga goti kwenye dashibodi, paja likasukumwa nyuma, mfupa ukachomoka. Takriban tisa kati ya kila nyonga kumi zinazotoka hutokea kwa nyuma. Mguu huonekana mfupi, goti limekunjika na kuelekea mguu wa pili, na mgonjwa hawezi kuunyoosha. Ikitokea kwa mbele, mguu hugeukia nje.

Hapa soma kwa makini. Kichwa cha mfupa hupata damu kwa mishipa midogo inayokizunguka. Kikitoka, mishipa hiyo huvutika, hubanwa au hukatika. Kikirudishwa mapema, mfupa una nafasi nzuri ya kupona. Kikikaa nje, huanza kufa, na siku hiyo huwezi kujua: mgonjwa anaweza kutembea miezi mingi ndipo kinena kianze kuuma. Madaktari hulenga kuirudisha nyonga ndani ya saa sita tangu ajali. Saa sita, si siku sita.

Kwa hiyo asiuvute mguu huo mtu yeyote: si mganga wa mifupa, si jirani anayesifika kwa kukanda, si dereva mwenzake. Nyuma ya nyonga unapita mshipa mkubwa wa fahamu. Ukijeruhiwa, unyayo hulegea na vidole havinyanyuki. Tena huenda kikombe chenyewe kimevunjika, na hilo halijulikani kwa kupapasa, linahitaji eksirei. Tunarudia: usivute, usikande, usichue, usiunyooshe mguu ili uufunge vijiti.

Mwache katika mkao uliomkuta nao. Kunja kanga mbili tatu, uziweke chini ya goti. Alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, abebwe na watu wanne hadi kwenye gari. Kumpakia mshikaki kwenye bodaboda ni kumuumiza mara ya pili. Asile wala asinywe, kwa sababu atapewa dawa ya usingizi ili misuli ilegee.

Fomu ya polisi ya PF3 isikucheleweshe. Majeruhi wa dharura hutibiwa kwanza, fomu hufuata. Mambo ya bima na msamaha wa gharama uliza ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, ukiwa na kadi zako.

Songwe ilipata hadhi ya mkoa mwaka 2016, na leo tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa hapa Vwawa. Ni hatua tunayojivunia. Haikujengwa ipokee miguu iliyokwisha kukandwa. Majeraha magumu hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, mengine Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI).

Nyonga ikisharudi, picha hupigwa tena. Kwa wiki sita hivi mgonjwa asikae kwenye kigoda, asichuchumae chooni, asipande bodaboda. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo. Magongo atayatumia kwa muda atakaopangiwa. Kliniki ahudhurie hata kama haumwi, kwa sababu mfupa unaweza kuonyesha dalili za kufa hata miaka miwili baada ya ajali.