Mali bila daftari

Somo kwa wenye biashara ndogo ndogo



Hapa kwetu Mafia biashara ndogo ndogo ni nyingi: genge la nyanya na vitunguu, meza ya pweza, vitumbua vya asubuhi, mafuta ya nazi, duka la rejareja. Baadhi hudumu miaka mingi, nyingine hufungwa upesi. Tukiuliza sababu, twajibiwa, "Hakuna wateja." Lakini mara nyingi wateja walikuwapo, kilichokosekana ni hesabu.

1. Fedha ya mauzo si faida

Tuchukue mfano. Mama mwenye duka Kilindoni amenunua bidhaa Dar es Salaam kwa Sh. 200,000. Gari hadi Nyamisati, kivuko na wapagazi vimekula Sh. 40,000. Bidhaa zote zimetoka dukani kwa bei ya jumla ya Sh. 290,000. Husema, "Nimepata tisini elfu." Sivyo. Gharama ni Sh. 240,000, basi faida ni Sh. 50,000 tu.

Tuendelee. Bidhaa za Sh. 35,000 zimekopwa, na sukari na mchele wa Sh. 15,000 vimeliwa nyumbani. Mkononi amebakiwa na Sh. 240,000. Zatosha kurudia safari ile ile, wala haimo hata senti ya daftari la mtoto. Bei ikipanda kidogo Dar es Salaam, ataanza kuula mtaji wenyewe bila kujua. Ndiyo maana wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Bahari na majira

Sisi watu wa kisiwani tuna jambo ambalo mwenzetu wa bara halimsumbui: bahari. Kusi ikivuma kwa nguvu, vyombo hukawia na mvuvi hakai baharini muda mrefu. Bidhaa huadimika, na fedha pia. Kisha hufika Oktoba, papa potwe huonekana karibu na Kilindoni hadi Machi, na wageni huja. Mwenye busara huweka akiba miezi ya neema ili imvushe miezi ya dhiki. Wala asitegemee wageni peke yao. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuia safari za ndege, waliotegemea watalii tu waliumia kuliko waliouza pia unga na sabuni kwa majirani.

3. Deni la jamaa

Hili ndilo gumu kuliko yote. Kisiwani karibu kila mteja ni shangazi, mjomba au jirani. Ukimnyima, umevunja udugu. Ukimpa bila kiasi, umevunja duka. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Twashauri hivi. Weka kiwango ambacho deni la mtu mmoja halitakipita. Andika mbele yake, umsomee, mkubaliane siku ya kulipa. Na mhitaji asiyeweza kulipa, kama vile mgonjwa au mjane, msaidie kwa zawadi itokayo katika fungu la nyumbani, usiiite deni. Hivyo hatakukimbia njiani, nawe hutamnung'unikia.

4. Mafungu matatu

Kila jioni fedha igawanywe: mtaji, nyumbani, akiba. Ukichukua kibaba cha mchele dukani, kilipie kama mteja mwingine.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vyaweza kuomba mkopo usio na riba katika Halmashauri, kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Lakini mkopo nao ni deni. Asiyeweza kutunza Sh. 50,000 asikimbilie milioni. Tukumbuke Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi vijijini yalipofungwa ili yaanzishwe ya ushirika. Palipokosekana mtaji na hesabu, duka la kijiji kizima lilikufa kama lifavyo la mtu mmoja.

Maswali ya kujadiliana

(a) Katika mfano wetu, mama angefanya nini ili abakiwe na faida mkononi?
(b) Biashara yako hupungukiwa miezi gani, nawe hujitayarishaje?
(c) Je, waweza kutaja sasa hivi jumla ya fedha unazodai? Kama huwezi, daftari lianze leo jioni.