Kompyuta ya gemu kwa fedha kidogo

Swali: Niko Bisibo, nataka kompyuta ya gemu lakini fedha yangu ndogo. Nianzie wapi?

Jibu: Tafuta kompyuta ya ofisini iliyotumika, Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya Core i5 kizazi cha 8. Ina kore 6, zinatosha kabisa. Chagua kasha kubwa, maana jembamba hukataa kadi nyingi za picha. Kadi iwe GTX 1650 isiyohitaji waya wake wa umeme: hula wati 75 tu, pawasaplai ya zamani inazimudu. Ramu, vijiti viwili vya GB 8 hushinda kimoja cha 16. Taa za urembo achana nazo, fedha hiyo nunulia UPS ya kukukinga umeme ukikatika. Na mwambie muuzaji awashe gemu mbele yako kabla hujalipa. Ukinunua Mwanza, kurudisha mzigo huko kutoka Bisibo ni nauli nyingine.