Dondoo muhimu: Kuchora mfupa wa samaki kwenye programu ya ubora

Mchoro wa mfupa wa samaki, wa Kaoru Ishikawa wa Japani, husaidia kusaka kiini cha hitilafu, mradi usiujaze kwa kubahatisha.

1. Andika tatizo kwenye kichwa cha samaki kwa namba: "Pakiti 40 kati ya 1,000 za maziwa zinavuja mshono wa chini, zamu ya usiku", si "ubora mbovu".

2. Usiweke suluhisho kichwani. "Hatuna mashine mpya" ni ombi la bajeti.

3. Anza na miiba mikuu sita ya makundi ya vyanzo: watu, mashine, mbinu, malighafi, vipimo, mazingira. Usiohitajika, futa.

4. Mwite anayeshika mashine. Meneja akijifungia na kompyuta yake, mwiba wa "watu" ndio hunenepa.

5. Usikubali "uzembe" kuwa chanzo. Endelea kuuliza kwa nini. Mfano: mshono haukushika kwa sababu taya la kuchomea lilikuwa baridi. Lilikuwa baridi kwa sababu kihisi joto kimelegea. Kimelegea kwa sababu hakimo kwenye ratiba ya matengenezo. Hapo umefika.

6. Kila chanzo kwenye mwiba ni dhana tu hadi kipimwe. Ambatisha picha au kipimo. Kura za kikao si ushahidi.

7. Unganisha chanzo kilichothibitika na hatua ya kurekebisha: mhusika mmoja, tarehe moja. "Idara ya uzalishaji" si mtu.

8. Vyanzo vilivyopimwa na kukataliwa usivifute. Viwekee alama na sababu. Pakiti zikianza kuvuja tena, hutarudia kazi ileile.