Linda kadi yako ya uchaguzi, hata fotokopi yake

Hapa Lubumbashi, kinachothibitisha wewe ni nani ni kadi ya uchaguzi iliyotolewa na tume ya uchaguzi, CENI. Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984, na kitambulisho cha taifa hakijawafikia raia wengi. Kwa kadi hiyo unasajili namba ya simu na kufungua M-Pesa au Airtel Money. Mwizi naye anaweza kuyafanya hayo kwa jina lako.

Mimi naogopa fotokopi kuliko kadi yenyewe. Maandishi ya kadi nyingi za 2023 yalifutika upesi, watu wakakimbilia kuzipiga picha na fotokopi, na nakala hizo zimezagaa. Kabla ya kumpa mtu nakala, chora mistari miwili ya mshazari juu yake, kisha andika katikati ni ya kazi gani, ya nani, na tarehe. Ikienda ofisini, andika kwa Kifaransa. Nakala iliyoharibika usiiache dukani, ichane. Kama ulimtumia mwenye fotokopi picha kwa WhatsApp, ngoja aifute mbele ya macho yako. Asikuone mkorofi kwa hilo. Jina ni lako.

Namba mpya inunue kwenye duka la kampuni, si kwa muuzaji wa barabarani anayepiga picha kadi yako kwa simu yake. Ukiwa hapo, uliza ni namba zipi zimesajiliwa kwa jina lako, na usizozijua zifungwe.

Kwenye kabini ya kutoa pesa, bonyeza kode ya siri mwenyewe. Isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, maana umeandikwa kwenye kadi. Tarakimu sita za kuthibitisha WhatsApp usimtajie yeyote, hata ombi likitoka kwenye namba ya shangazi: huenda naye ameshaibiwa. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili.

Simu ikikosa mtandao ghafla na ya jirani inao, huenda mwizi amechukua namba yako: azima simu ya jirani upigie kampuni wafunge namba yako. Hilo ndilo la kwanza, kwa sababu pesa hutoka kwa dakika chache. Kadi ikipotea, nenda komini uchukue hati ya kupotelewa. Mtu akitumia jina lako, peleka malalamiko polisi: Sheria ya Dijitali ya 13 Machi 2023 inaadhibu kosa hilo. Hati ya komini itunze vizuri, kwani tarehe yake itaonyesha kwamba deni lilipochukuliwa kwa jina lako, kadi haikuwa tena mikononi mwako.