Somo la Sita: Mchango wa Msomaji Katika Habari za Mtandaoni

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji wa huduma ataweza kueleza kwa nini wachapishaji wa habari za mtandaoni huwaalika wasomaji wachangie. Ataweza kumpambanua mchapishaji anayeuheshimu mchango huo na yule anayeugeuza mtego. Na atazijua hatua za kuchukua iwapo amepata hasara. Mifano yetu tumeitoa Chiungutwa na sehemu nyingine za Masasi na Newala, ambako habari moja ya bei ya korosho yaweza kumpatia mkulima ada ya mtoto wake au kumkosesha.

1. Desturi hii si ngeni kwetu

Wako wanaodhani kwamba msomaji kushiriki katika kuandika habari ni jambo lililoletwa na simu za kisasa. Sivyo. Mwaka 1888 wanafunzi wa chuo cha misheni cha Kiungani, Unguja, walianza kuchapa gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Sehemu kubwa ya habari zake ilitoka kwa wasomaji wenyewe, yaani walimu na wanafunzi wa zamani waliokuwa katika vituo vya misheni, vikiwemo vya upande wa Masasi na Newala. Mwaka 1923 likaanza gazeti la Mambo Leo mjini Dar es Salaam, nalo likajaa barua, mashairi na habari za miji zilizoletwa na wasomaji. Ilipofika mwaka 2006, JamiiForums ikaanza kuwapa Watanzania nafasi ya kuandika na kujadiliana mtandaoni.

Katika zama zote hizo mapatano yalikuwa yale yale: mchapishaji alipata habari ambazo asingeweza kuzifuata kwa miguu yake, na msomaji akapata kusikika. Kilichobadilika ni mambo mawili. Kwanza, zamani barua ilipita mikononi mwa mhariri kabla ya kuchapwa. Leo maoni ya msomaji huonekana mara tu anapoyaandika. Pili, zamani mchapishaji aliuza gazeti. Leo habari nyingi husomwa bure, na mchapishaji hupata riziki kwa njia nyingine. Njia hiyo ndiyo ambayo mtumiaji hana budi kuielewa.

2. Mchapishaji anatafuta nini kwa msomaji?

Mchapishaji wa mtandaoni anapoandika, "Wewe una maoni gani? Tuandikie hapa chini," huwa anatafuta moja au zaidi ya mambo haya manne:

(a) *Habari.* Aliye Masasi mjini hawezi kuwa katika kila ghala na kila zahanati. Picha ya msomaji aliye Chiungutwa humfikisha asikoweza kufika.

(b) *Kuonekana.* Mitandao ya kijamii huwasukumia watu wengi zaidi chapisho linalotolewa maoni na kusambazwa kwa wingi. Kila jibu lako, hata la matusi, humwongezea mwandishi watazamaji.

(c) *Fedha.* Watazamaji wakiwa wengi, matangazo ya biashara huja. Ndiyo maana wako wanaochokoza ugomvi kwa makusudi: ugomvi huleta maoni, na maoni huleta matangazo.

(d) *Taarifa zako.* Jina, namba ya simu, kijiji na kazi yako ni vitu vyenye bei. Mfanyabiashara huvitaka ili akuuzie bidhaa, na tapeli huvitaka ili akuibie.

Matatu ya mwanzo si dhambi. Mchapishaji naye hula kwa jasho lake, na ukurasa wenye wasomaji wachangamfu huweza kuwa hazina ya wilaya nzima. Neno letu ni hili: mchango wako ni mali. Kabla ya kuitoa, ujue unampa nani na unapata nini badala yake.

3. Mfano: ukurasa wa bei za korosho

Tumchukulie kijana aishiye Masasi mjini, mwenye ukurasa wa habari katika mitandao ya kijamii na kundi la WhatsApp la wasomaji wake. Msimu wa korosho unapofunguliwa, anampigia mjomba wake aliye Chiungutwa.

"Shikamoo, mjomba. Bei ya mnada wa leo nasikia imeshuka sana. Huko mmesikiaje?"

"Marahaba, mjomba. Nani kakwambia? Mimi sijasikia tangazo la chama."

"Wameandika watu kwenye kundi. Zaidi ya ishirini."

"Watu ishirini wameuona mnada, au wameonana wao kwa wao?"

Swali la mjomba ndilo kiini cha somo hili. Maoni ishirini yanayofanana yaweza kuwa ushahidi wa watu ishirini, na yaweza pia kuwa mwangwi wa mtu mmoja. Kijana asipouliza zaidi, akaandika kwamba bei imeshuka, madhara yake hayataishia kwenye simu. Mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho majumbani kwa kipimo chake, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, atapita kijijini akiwa na chapisho hilo mkononi. Mkulima mwenye shida ya haraka atauza. Tuseme ana kilo 300, na kwa kila kilo amepunjwa shilingi 1,000: shilingi 300,000 zimekwenda, na hakuna ofisi itakayomrudishia kwa kuwa hana hata risiti.

Hofu hii si ya kubuni. Oktoba 2018 wakulima wa Mtwara walikataa bei za minnada ya mwanzo kwa kuziona ndogo. Novemba mwaka huo huo Serikali ikatangaza kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Aliyekwisha kuuza kwa kangomba kabla ya tangazo hilo hakuwa tena na korosho za kupeleka ghalani. Katika majuma kama hayo ya wasiwasi, uvumi hutembea kwa kasi kuliko tangazo.

Sasa tuone namna kijana yule angeweza kuutumia vema mchango wa wasomaji wake.

*Angeuliza jambo moja lililo wazi.* Badala ya kuandika, "Bei vipi huko?", angeuliza: "Mnada wa chama kipi, tarehe gani, daraja la kwanza au la pili, bei ya juu na ya chini ni zipi?" Swali lenye mipaka huleta jibu linaloweza kupimwa.

*Angetaka ushahidi.* Picha ya tangazo lililobandikwa katika chama cha msingi ni bora kuliko maneno "nimesikia". Hata hivyo picha nayo hukaguliwa tarehe, kwani tangazo la mwaka jana hurudi mwaka huu likiwa na sura ya jipya.

*Angelinganisha na chanzo rasmi.* Korosho za Masasi huuzwa kupitia chama kikuu cha MAMCU, na za Newala na Tandahimba kupitia TANECU. Msimu wa 2024/2025 minnada iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Matokeo ya mnada ni jambo la hadharani, na mchapishaji hana sababu ya kuyakisia.

*Angetenganisha bei ya mnada na fedha ya mkulima.* Kutoka katika bei iliyotangazwa hukatwa tozo na gharama kabla ya malipo kumfikia mkulima. Mchapishaji asiyelieleza hilo huzua malalamiko ya bure, na karani wa chama hushutumiwa wizi ambao hakuutenda.

*Angesahihisha hadharani.* Akikosea, haitoshi kufuta. Waliokwisha kuipeleka habari katika makundi mengine hawatajua kwamba imefutwa. Ataandika wazi kuwa ile ya awali ilikuwa na kosa, kisha awaombe wasomaji waisambaze sahihi kama walivyoisambaza ile yenye kosa.

4. Alama za mchapishaji wa kuaminika

Kabla ya kujiunga na kundi au kuchangia katika ukurasa, tunakushauri uzitazame alama hizi:

- Anajitambulisha kwa jina, na njia ya kumpata inajulikana. Kwa mujibu wa kanuni za maudhui ya mtandaoni, atoaye huduma ya habari mtandaoni anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).
- Anaeleza habari imetoka wapi: kwa mwandishi wake, kwa msomaji, au katika taarifa rasmi.
- Ana masharti ya maoni yanayoeleweka, naye huondoa matusi na uchochezi bila kuondoa ukosoaji wa haki.
- Hujibu wasomaji. Ukurasa unaouliza kila siku na usiojibu hata siku moja unakuvuna tu.
- Huomba ruhusa kabla ya kuitumia picha yako, na humtaja aliyeipiga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha uliyoipiga kwa simu kama inavyolinda ya mpiga picha wa studio.
- Hakutozi fedha ili upokee habari aliyokwisha kuahidi kuwa ni bure.

5. Usiyaandike haya mbele ya watu

Kila mwaka, wakati wa kupulizia mikorosho unapokaribia, wakulima hungoja kwa hamu habari za salfa na viuatilifu vya ruzuku. Hapo ndipo waovu hufungua kurasa zenye nembo za kuigiza na kuandika: "Jaza hapa jina kamili, namba ya simu na namba ya NIDA ili upate mgawo wako." Mamia ya watu hujaza, kila mmoja akitiwa moyo na aliyemtangulia.

Tunasisitiza: ugawaji wa pembejeo hauandikishwi katika sehemu ya maoni. Uliza katika chama chako cha msingi, kwa ofisa kilimo wa kata au kwa Bodi ya Korosho. Namba ya NIDA, namba ya siri ya huduma ya fedha kwa simu, namba ya akaunti ya benki na picha ya kitambulisho visiandikwe kamwe mahali panaposomwa na kila mtu. Namba ya siri haipewi hata anayejiita mhudumu wa kampuni ya simu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa sababu gani, kuziona, kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa, na kukataa zisitumike kukutangazia biashara. Mchapishaji anayeitunza orodha ya wasomaji wake amebeba amana, na hana ruhusa ya kuiuza kama gunia la mihogo.

6. Msomaji naye ana wajibu

Haki haisimami bila wajibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutoa taarifa za uongo au za kupotosha kwa nia ya kudanganya au kudhuru. Tena, neno likishaandikwa chini ya jina lako, hutaweza kujua limefika wapi.

Kwa hiyo, ukiwa na malalamiko juu ya mizani ya chama au malipo yaliyochelewa, andika ulichokiona wewe mwenyewe: siku, mahali, kiasi. Usimwite mtu mwizi kabla jambo halijachunguzwa. Usiweke picha za wagonjwa, za misiba wala za watoto walioko jandoni na unyagoni. Hayo yana heshima yake, na ruhusa yake haiko kwa mwenye simu. Na kabla ya kusambaza, jiulize kama yule mjomba: aliyeandika ameona, au ameambiwa?

7. Ukipata hasara

1. *Hifadhi ushahidi.* Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la ukurasa, tarehe na maneno yenyewe, kabla hayajafutwa.
2. *Mwandikie mchapishaji.* Mweleze kosa, na umtake asahihishe au aondoe. Wengi hutengeneza mambo katika hatua hii.
3. *Ujumbe wa kitapeli* uliopokea kwa simu utume kwenda namba 15040, na usimtumie fedha aliyekuandikia. Kwa kupiga \*106# utaweza pia kuhakiki ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.
4. *Fedha zikiwa zimekwisha kutumwa,* wasiliana mara moja na kampuni yako ya simu, kisha toa taarifa kituo cha polisi.
5. *Taarifa zako binafsi zikitumiwa vibaya,* peleka lalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lalamiko kuhusu maudhui ya mchapishaji hupelekwa TCRA.

Muhtasari

Mchapishaji anayewashirikisha wasomaji wake kwa uaminifu huijengea jamii macho mengi na masikio mengi. Asiye mwaminifu huwatumia kama chambo. Tofauti yao utaiona katika maswali wanayouliza, namna wanavyosahihisha makosa, na namna wanavyozitunza taarifa za watu. Tunakuhimiza usinyamaze, kwani habari za Chiungutwa zisipoandikwa na watu wa Chiungutwa zitaandikwa na wasioijua. Ila uandike ulichokiona, na utoe kile tu ambacho uko tayari kukiona mikononi mwa mtu usiyemjua.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika kikundi

1. Taja ukurasa au kundi moja unalolifuata. Mwenye nalo ni nani, na anapata faida gani kutokana na maoni yako?
2. Kumbuka habari moja ya bei uliyoisambaza msimu uliopita. Uliipata kwa nani, naye aliipata wapi?
3. Jirani yako amejaza namba yake ya NIDA katika ukurasa wa salfa ya ruzuku. Mtamshauri afanye nini leo hii?
4. Kama mngeanzisha ukurasa wa habari za kata yenu, mngeweka masharti gani matatu kwa wachangiaji?