Kompyuta Mpya Isiyowaka: Somo la Ubao Mama na Kumbukumbu

Kompyuta ya mezani ni mkusanyiko wa vyombo vingi, na kila kimoja chaweza kununuliwa peke yake. Kwa sababu hiyo kikundi cha wanafunzi wenye bisibisi moja na mwalimu mwangalifu chaweza kuiunda mashine nzima kwa asubuhi moja. Ugumu huanza pale swichi inapobonyezwa: feni zazunguka, taa zawaka, lakini kioo chabaki cheusi.

Chukuliwe mfano wa skuli iliyoko Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, mkabala na kisiwa cha Tumbatu. Vipuri vimenunuliwa mjini kwa michango ya wazee. Kurudi mjini kubadilisha kipuri ni nauli na siku nzima, na hapana muuzaji apokeaye kipuri kilichoungua. Katika hali kama hiyo kubahatisha ni ghali, na kufikiri kwa utaratibu ni akiba.

Makala haya yaeleza mambo mawili. La kwanza ni namna ya kutafuta kosa katika ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, na katika vibao vya kumbukumbu, yaani RAM. La pili ni namna ya kuongeza kasi ya mashine kupita ile iliyopangwa na kiwanda, na gharama ya kufanya hivyo.

Jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi

Ubao mama ni bamba lenye njia nyembamba za shaba ziunganishazo prosesa, kumbukumbu na vyombo vinginevyo. Kazi yote huongozwa na mapigo ya saa ya umeme, kama vile ngoma iongozavyo wavutao kamba. Mapigo milioni moja kwa sekunde huitwa megahezi moja.

Katika kumbukumbu, kila biti, yaani kila 0 au 1, huhifadhiwa na transista moja na kapasita moja ndogo mno. Wazo hilo lilibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM mwaka 1966, naye akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1968. Kapasita hiyo huvuja kama mtungi wenye ufa. Kwa hiyo mashine hulazimika kuijaza upya, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64. Joto likizidi uvujaji huongezeka. Chipu ikipita nyuzi 85 za Selsiasi muda huo hupunguzwa kuwa nusu.

Kumbukumbu za aina ya DDR hupitisha biti mara mbili katika kila pigo. Kibao kilichoandikwa 3600 huenda kwa mapigo 1800 milioni kwa sekunde, na programu nyingi huonyesha namba hiyo ya 1800. Hilo si kosa. Muda wa kupisha biti moja katika njia moja ni sehemu 0.28 ya nanosekunde, na katika muda huo ishara, iendayo kwa takriban nusu ya kasi ya nuru, husafiri kama sentimita 4 tu, urefu usiofikia kisanduku cha kiberiti. Ndiyo maana njia za shaba ziendazo kwenye kumbukumbu zimepindwapindwa: zote hazina budi kuwa na urefu unaolingana ili biti zifike pamoja.

Kutafuta kosa kwa utaratibu

Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andika kila lililofanyika. Abadilishaye vitu viwili pamoja, hata mashine ikiwaka, hatajua kipi kilichokuwa kibovu.

Kwanza hukaguliwa umeme. Ubao mama wa kawaida hupokea umeme kwa plagi mbili: moja ya pini 24, na nyingine, mara nyingi ya pini 8, ambayo hulisha prosesa. Plagi hii ya pili ikisahauliwa, feni huzunguka lakini prosesa haifanyi kazi yoyote. Hili ni miongoni mwa makosa ya kawaida kwa wanaoanza.

Pili hukaguliwa waya wa kioo. Ikiwa mashine ina kadi ya picha ya peke yake, waya huchomekwa kwenye kadi hiyo, si kwenye ubao mama. Tena zipo prosesa zisizo na uwezo wa kutoa picha bila ya kadi.

Tatu hutazamwa dalili. Baada ya kuwashwa, prosesa husoma programu fupi iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mama, iitwayo BIOS. Programu hiyo hujaribu prosesa, kisha kumbukumbu, kisha picha, kisha hifadhi. Mbao nyingi za siku hizi zina taa ndogo nne kwa hatua hizo nne. Taa isiyozimika ndiyo ioneshayo mahali penye kikwazo. Hapa subira yahitajika, kwani mara ya kwanza ubao huipima kumbukumbu na kutafuta mpangilio ufaao, na kwa kumbukumbu za DDR5 kazi hiyo yaweza kuchukua dakika kadhaa. Akatizaye umeme kwa kukosa subira humfanya mgonjwa asiyeumwa.

Nne, mashine hupunguzwa hadi kubaki na vilivyo vya lazima: ubao mama, prosesa na feni yake, kibao kimoja cha kumbukumbu na sanduku la umeme, pamoja na kadi ya picha ikiwa prosesa haitoi picha yenyewe. Katika mbao nyingi zenye nafasi nne, kibao kimoja huwekwa kwenye nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa, lakini kitabu cha ubao ndicho chenye neno la mwisho. Kibao hushindiliwa mpaka kifungo kilie. Kilichoingia nusu ni sawa na kisichoingia.

Tano, hufanywa jaribio la kubadilishana. Viitwe vibao A na B, na nafasi 1 na 2. Kibao A kikikataa katika nafasi zote mbili, na B kikikubali katika zote mbili, A ni kibovu. Vibao vyote viwili vikikubali katika nafasi 1 na kukataa katika nafasi 2, kosa limo katika nafasi hiyo, au katika soketi ya prosesa, ambamo pini moja iliyopinda hutosha kuikata njia ya kumbukumbu. Majaribio manne mafupi hutoa jibu bila ya kununua chochote.

Sita, mipangilio ya BIOS hurudishwa ilivyotoka kiwandani. Umeme hukatwa, waya huchomolewa, na betri ndogo ya volti 3 huondolewa kwa dakika chache kisha hurudishwa. Pia huhakikishwa kwamba hapana skrubu iliyoanguka nyuma ya ubao wala nguzo ya chuma iliyowekwa pasipo tundu, maana chuma kikigusa njia za shaba mashine huweza kukataa kuwaka, au kuungua.

Kosa lisiloonekana

Mashine ikishawaka wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe kosa baya zaidi ni lile ambalo kioo hakilionyeshi. Mwanafunzi amepata alama 77. Katika mfumo wa biti alama hiyo huandikwa 1001101, yaani 64 + 8 + 4 + 1. Biti ya kwanza kushoto ikigeuka kuwa 0 kwa sababu ya kibao dhaifu, kinachobaki ni 0001101, yaani 13. Mashine haikuzimika, wala haikutoa onyo. Mtoto aliyefaulu ameandikwa ameshindwa, na mwalimu ataamini daftari kwa kuwa limechapwa na kompyuta.

Kwa hiyo kumbukumbu mpya hujaribiwa kabla ya kukabidhiwa kazi. Ipo programu isiyolipiwa iitwayo Memtest86+, ambayo huandika mifumo ya biti katika kila sehemu ya kumbukumbu kisha huisoma tena. Iachwe ifanye kazi usiku kucha. Hata kosa moja tu halikubaliki.

Kuongeza kasi

Tamaa ya kuiharakisha mashine ni ya siku nyingi. Mwaka 1998 kampuni ya Intel iliuza prosesa ya Celeron 300A, iliyozidisha mapigo ya ubao mama kwa 4.5. Kwa mapigo ya megahezi 66.7 ilitoa megahezi 300. Watumiaji wakaupandisha ubao hadi megahezi 100, na nyingi za prosesa hizo zikaweza kwenda kwa megahezi 450. Zilikuwapo pia zilizoshindwa, maana vipande viwili vilivyotoka kiwanda kimoja havilingani kabisa.

Upande wa kumbukumbu, kibao kilichoandikwa 3600 mara nyingi huanza kazi kwa 2133 au 2666, ambayo ni kasi ya kiwango cha kawaida. Kasi iliyoandikwa hupatikana kwa kuchagua katika BIOS mpangilio uliotayarishwa na kiwanda cha kibao, uitwao XMP. Mpangilio huo kwa kawaida huipandisha DDR4 kutoka volti 1.20 hadi 1.35.

Faida yake huhesabika. Kibao cha 2666 chenye kungoja kwa mapigo 19 huenda kwa megahezi 1333; pigo moja ni nanosekunde 0.75, na kungoja ni 0.75 × 19 = nanosekunde 14.25. Kibao cha 3600 chenye kungoja kwa mapigo 18 kina pigo la nanosekunde 0.556, na kungoja ni nanosekunde 10. Kwa hiyo kutazama kasi pekee hakutoshi. Idadi ya mapigo ya kungoja nayo ihesabiwe.

Hasara nayo huhesabika. Nguvu inayotumiwa na chipu hulingana na mapigo yake yakizidishwa kwa mraba wa volti. Prosesa ya wati 65 ikipandishwa kutoka gigahezi 3.6 hadi 4.2, na volti kutoka 1.20 hadi 1.35, mapigo huongezeka mara 1.167 na mraba wa volti mara 1.266. Nguvu huwa 65 × 1.167 × 1.266, yaani wati 96 hivi. Kasi imeongezeka kwa asilimia 17, lakini joto kwa asilimia 48.

Ikiwa kipoozeo huruhusu nusu nyuzi ya joto kwa kila wati, prosesa itazidi hewa iliyo ndani ya sanduku kwa nyuzi 48. Katika nchi ya baridi, ambako hewa hiyo ni nyuzi 24, itafika 72. Mkokotoni wakati wa kaskazi hewa ndani ya sanduku yaweza kuwa nyuzi 36, na prosesa itafika 84. Maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa Ulaya hayafai kufuatwa huku bila ya kufanya hesabu upya.

Chumvi na umeme

Mji wa pwani una adui wengine wawili. Wa kwanza ni chumvi. Chumvi ya mezani huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa unapofika asilimia 75, lakini chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesi, ambayo hunyonya maji hata katika hewa kavu zaidi. Vumbi lenye chumvi likikaa juu ya ubao hubaki bichi, hupitisha umeme na kula shaba. Ubao usafishwe kwa brashi laini, umeme ukiwa umekatwa, na mashine isiwekwe kando ya dirisha lielekealo bahari.

Wa pili ni umeme usiotulia. Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari tangu mwaka 1980. Waya huo ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja kuanzia Mei 2008, na tena kwa miezi mitatu tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mwaka 2013 waya wa pili, wa megawati 100, ulianza kazi. Hata hivyo kukatika kwa dakika moja hutosha kuleta hasara: programu ya BIOS ikiwa inabadilishwa na umeme ukakatika katikati, ubao mama waweza kufa kabisa. Kazi hiyo isifanywe bila ya betri ya akiba.

Hitimisho

Mashine itunzayo alama za mitihani haihitaji kuharakishwa, yahitaji kutokosea. Ile ya kujifunzia yaweza kuharakishwa, mradi kasi ipandishwe hatua kwa hatua, joto lipimwe, na jaribio la kumbukumbu lirudiwe baada ya kila hatua.

Mazoezi

1. Kibao cha 2400 kina kungoja kwa mapigo 17. Tafuta muda wa kungoja.
2. Prosesa ya wati 65 yapandishwa kutoka gigahezi 3.6 hadi 3.9, na volti kutoka 1.20 hadi 1.30. Kwa kipoozeo kile kile na hewa ya nyuzi 36, itafika nyuzi ngapi?
3. Andika alama 85 kwa biti. Biti ya 16 ikigeuka, alama itakuwa ngapi?

Majibu: (1) nanosekunde 14.2, (2) wati 83 hivi, nyuzi 77, (3) 1010101, alama 69.